Methadoni si dawa ya mfupa uliovunjika: kisa cha makanga na paja lake

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja ya umma jijini Nairobi. Umri, kazi na siku vimegeuzwa kidogo ili mwenyewe asitambulike. Ya tiba yameachwa yalivyokuwa. Mgonjwa alikubali kisa kiandikwe kwa sharti moja tu, kwamba tusimwite teja. Mimi ni wa timu ya usingizi na ganzi. Niliitwa siku ya tatu, mambo yakiwa yameshaharibika.

Usuli

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 30 na ushei, makanga katika mojawapo ya njia za Eastlands. Alitumia heroini kwa miaka 9 hivi, kwanza kwa kuvuta, baadaye kwa kujidunga. Miaka miwili na nusu kabla ya ajali alijiandikisha katika kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya jamii moja na heroini na mofini inayomwezesha mtu kuacha unga bila kuugua, na tangu mwezi wa tano wa matibabu hakugusa unga tena.

Kenya ilianza kutoa methadoni Desemba 2014, katika hospitali ya Mathari, na utaratibu wa msingi haujabadilika sana. Mgonjwa huja mwenyewe kila asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Anamiminiwa dozi yake, anainywa mbele ya mhudumu, anaongea neno moja mawili ili ionekane amemeza, kisha anaenda zake. Kwa kawaida habebi dawa kwenda nayo nyumbani. Wodi za upasuaji nazo hazina chupa ya methadoni kabatini. Hilo la mwisho ndilo lililotusumbua zaidi ya yote.

Kuna jambo jingine ambalo lilichelewa kujulikana. Mgonjwa alikuwa mwezi wa nne wa matibabu ya kifua kikuu. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huchochea ini kuivunja methadoni upesi, hata mtu anayekunywa dozi yake kila siku akajikuta katika arosto, yaani ugonjwa wa mwili uliokosa dawa uliyoizoea, ifikapo jioni. Kwa sababu hiyo kliniki ilikuwa imempandisha hatua kwa hatua kutoka miligramu 80 hadi 120 kwa siku.

Siku tatu za kwanza

Jumatano saa kumi na mbili jioni aliteleza mlangoni mwa matatu iliyokuwa ikiondoka, akaanguka, na pikipiki iliyokuwa nyuma ikampanda. Mfupa wa paja la kulia ulivunjika katikati. Ngozi haikupasuka, kichwa na tumbo vilikuwa salama. Dozi yake ya mwisho ya methadoni alikuwa ameinywa siku hiyo saa moja asubuhi.

Katika idara ya dharura aliulizwa, "Unatumia dawa zozote?" Akajibu hapana. Baadaye nilimuuliza kwa nini alisema hivyo. Akaniambia kwamba aliyeuliza alikuwa ameshayaona makovu ya mkono wake na tayari alikuwa ameushika mkoba wake vizuri zaidi. "Daktari, ungekuwa wewe ungesema?"

Mtu fulani aliandika kwenye faili neno moja na alama ya kuuliza: "Teja?" Hapakuandikwa swali la pili wala simu ya mtu wa kuuliza. Mguu ukavutwa kwa uzani, akapewa parasetamoli na tramadoli, akapelekwa wodini kungoja nafasi ya upasuaji.

Alhamisi mchana alianza kuomba dawa kila baada ya saa moja. Jioni alikuwa anatokwa na jasho, anapiga miayo, hatulii, na kila anapojigeuza mfupa unasuguana akapiga ukelele. Wodi ikaamua kwamba anatafuta dawa. Ni kweli alikuwa anatafuta dawa. Kosa lilikuwa kudhani hilo linamaliza maelezo. Usiku alidungwa pethidini, dawa ya maumivu iliyo ndugu ya mofini, miligramu 50 kwenye msuli. Ilimtuliza kwa saa moja na nusu, basi.

Aliyeligundua tatizo ni sista wa zamu ya usiku, kwa kuuangalia mkono. Alikwenda kutafuta mshipa alfajiri ya Ijumaa. Wodi ilikuwa na joto, wagonjwa wengine wamejifunua, lakini mkono wa huyu ulikuwa umesimama vinyweleo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Akammulika machoni kwa tochi ya simu: mboni zimetanuka. Pua inachuruzika. Akavuta kiti, akakaa, akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Ndugu yangu, hii ni arosto. Unakunywa wapi dawa?"

Kijana akalia. Akasema, "Sista, mimi niliacha. Naapa niliacha. Mkijua mtanitoa hapa."

Alimpima kwa kipimo cha arosto chenye vipengele 11, akapata alama 19, yaani arosto ya wastani inayoelekea juu. Saa nne na nusu asubuhi mama yake alifika na kadi ya kliniki, aliyoitoa nyuma ya kava la simu ya mwanawe. Alikuwa nayo tangu Alhamisi. Hakuna aliyemuuliza, naye hakutaka kumwaibisha mtoto mbele ya wodi nzima.

Maamuzi ya Ijumaa

Hapo ndipo nilipoitwa. Tulikuwa na maswali matatu, na la kwanza halikuwa la maumivu.

La kwanza: tumrudishie methadoni kiasi gani? Tulipiga simu kliniki wakatuthibitishia dozi, siku ya mwisho aliyoonekana, na habari ya kifua kikuu. Kadi peke yake haitoshi: dozi iliyoandikwa inaweza kuwa ya zamani, au mtu anaweza kuwa alikosa siku kadhaa kabla ya ajali. Anayekosa siku tatu mfululizo au zaidi hupunguza ustahimilivu, na dozi ile ile aliyoizoea inaweza kumzimia pumzi. Huyu alikosa siku moja tu, Alhamisi, na ya Ijumaa ilikuwa imechelewa. Muuguzi wa kliniki alishauri apewe 120 kamili. Daktari wa mifupa alitaka nusu. Kwa kuwa kijana alikuwa na pethidini na tramadoli mwilini, tulimpa 60, tukangoja saa nne, muda ambao methadoni huwa imefika kileleni, tukamkagua pumzi na usingizi, kisha tukampa 60 zilizobaki. Jioni alama za arosto zilikuwa 4.

Dawa yenyewe ilifikaje? Mhudumu wa kliniki aliileta mkononi, chupa imefungwa na kuandikwa jina, saini mbili wakati wa kukabidhi, ikafungiwa kabatini pamoja na mofini. Iliendelea hivyo kila asubuhi hadi alipotoka. Famasia yetu ilisita mwanzoni kwa hofu ya sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya. Hofu hiyo naielewa, ila sheria hiyo hiyo ndiyo inayotuwezesha kuwa na mofini kwenye kabati lile lile.

La pili: je, moyo? Methadoni hurefusha kipindi cha QT kwenye mchoro wa moyo, yaani muda wa moyo kupiga na kujiandaa upya, ambao ukirefuka mno mapigo huweza kuvurugika. Dawa kadhaa tunazozitoa bila kufikiri, ondansetroni ya kichefuchefu ikiwamo, huongezea hapo. Mchoro wake ulionyesha milisekunde 448. Kiwango hicho kinavumilika, lakini hakikutupa nafasi ya kucheza. Tukaandika kwa wino mwekundu: kichefuchefu kitatibiwa kwa deksamethasoni, si ondansetroni.

La tatu: maumivu ya upasuaji wenyewe. Hapa nilikaa naye karibu nusu saa, mama yake akiwapo. Mama alitaka mwanawe asipewe "hizo sindano" kabisa. Kijana naye aliogopa pande zote mbili. "Naogopa kuumia," alisema, "na naogopa kusikia raha." Sijasikia mtu akilieleza tatizo hili kwa usahihi zaidi. Nilimwambia ukweli kama ninavyoujua: mofini atakayopewa hospitalini, kwa saa, kwa kipimo, na kwa mfupa uliovunjika, haimrudishi mtu maskani kwa watumia unga kwa urahisi kama maumivu yanayopuuzwa. Tukakubaliana mambo yafuatayo: ataambiwa kila dawa kabla ya kudungwa, mofini itakuwa ya kunywa mara tu atakapoweza kunywa, na itakuwa na tarehe ya mwisho anayoijua yeye.

Upasuaji na siku mbili zilizofuata

Alipasuliwa Jumatatu. Asubuhi hiyo nusura akose methadoni, maana kitandani palitundikwa kibao cha "asile, asinywe" na sista wa mchana alikitii. Mililita chache za dawa na funda la maji si kifungua kinywa. Dozi ya asubuhi hunywewa siku ya upasuaji kama siku nyingine yoyote.

Tulitumia ganzi ya uti wa mgongo, bupivakaini miligramu 15, tukaongeza ganzi ya neva za paja kwa bupivakaini nyingine ya asilimia 0.25, mililita 30. Kwa uzito wake wa kilo 58 jumla ilibaki chini ya kikomo cha usalama. Msumari ukaingizwa ndani ya mfupa. Ketamini ya kiwango kidogo, nayo ya kupunguza maumivu, miligramu 6 hivi kwa saa, ilianza humo chumbani ikaendelea kwa saa 24. Pampu ya dripu tuliyokuwa nayo ni moja, kwa hiyo usiku wa kwanza alilala katika chumba cha uangalizi maalumu. Parasetamoli tulimpa gramu 1 kila saa 8 badala ya kila saa 6, kwa kuwa ini lake lilikuwa linabeba dawa za kifua kikuu. Diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, ilitolewa mara mbili kwa siku. Figo zilikuwa nzuri.

Ganzi ya uti ilipoanza kuisha tulimpa mofini mshipani, miligramu 3 kila dakika 10, huku tukihesabu pumzi. Wengi hutosheka na 10 au pungufu. Yeye alifika 24 ndipo akasema, "Sasa naweza kupumua." Baadaye akahamia mofini ya maji, miligramu 20 kila saa 4, juu ya methadoni yake na si badala yake. Pumzi zilihesabiwa kila saa, nalokisoni, dawa ya kuizima mofini pumzi zikififia, ikiwa kwenye droo ya kitanda.

Usiku wa Jumatatu alilala. Jumanne asubuhi aliketi kitandani, akala ugali na sukuma, akafanya mazoezi ya goti.

Jumanne usiku kila kitu kilianguka kwa pamoja, na kosa ni letu. Ganzi ya neva ilikuwa imeisha. Ketamini ilisimamishwa mchana kwa kuwa pampu ilihitajika kwingine. Akahamishiwa wodini na faili iliyokuwa na maagizo yetu kurasa sita nyuma. Afisa wa tiba wa zamu aliiona methadoni 120, akaiona mofini 20 kila saa 4, akashtuka, akaifuta mofini kwa mstari mmoja. Aliandika: "Tayari yuko kwa methadoni." Sina ugomvi naye, kama ningekuwa peke yangu saa sita usiku na wagonjwa 40, nami ningeshtuka. Alichokosa ni karatasi ya kumweleza na namba ya kupiga.

Jumatano asubuhi maumivu yalikuwa 9 kwa 10. Mtaalamu wa viungo alirudi bila kumgusa. Saa saba mchana, saa ya kutembelea wagonjwa ikikaribia, kijana alimwita sista yule yule, safari hii akiwa zamu ya mchana.

"Sista, nimempigia mtu simu."

"Mtu gani?"

"Wa zamani. Analeta. Yuko stendi." Akanyamaza kidogo. "Usimwache aingie."

Sista hakumgombeza. Alimpa simu ili ampigie mwenziwe amwambie arudi, naye akanipigia mimi. Ndani ya dakika 20 alikuwa amepata mofini mshipani na ratiba yake imerudishwa. Kabla ya jioni tulirudia ganzi ya neva za paja, na tukaandika karatasi moja kubwa tukaibandika ukutani juu ya kitanda, bila kutaja ugonjwa wake: dawa gani, saa ngapi, dalili gani ya kusimamisha, nani wa kupigiwa kabla ya kubadilisha lolote. Neno methadoni halikuwemo ukutani. Liliandikwa "dawa ya asubuhi".

Matokeo

Mofini ilipunguzwa kila siku kuanzia siku ya nne baada ya upasuaji, ikaisha siku ya nane. Siku ya tisa alitoka kwa magongo, na parasetamoli na ibuprofeni tu. Kliniki iko matatu mbili kutoka kwao, na mtu wa magongo hapandi matatu ya saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi yake anayeishi karibu na kliniki alimpokea kwa wiki sita. Hilo halikuwa wazo la hospitali. Mama ndiye aliyelipanga.

Siku mbili baada ya kutoka, kipimo cha mkojo kliniki kilionyesha mofini. Heroini mwilini hugeuka mofini, kwa hiyo kipimo cha kawaida hakitofautishi. Alianza kuhojiwa kama mtu aliyeanguka. Barua yetu iliyotaja tarehe na saa ya mofini ya mwisho ilikuwa ndani ya bahasha ya picha za eksirei, hakuna aliyeifungua. Ilipopatikana, mahojiano yaliisha. Vipimo vya wiki na miezi iliyofuata vilikuwa safi. Mwezi wa nne alikuwa anatembea bila gongo.

Uchambuzi

Niulizwe ni kitu gani kiliokoa kisa hiki, nitasema kiti. Sista alivuta kiti. Aliuliza "unakunywa wapi dawa" na hakuuliza "unatumia dawa", na jibu likaja. Swali la idara ya dharura lilikuwa sahihi kwenye fomu na halikufaa kitu mdomoni mwa mtu aliyeushika mkoba. Siku mbili za mateso zilitoka hapo, na gharama ya kuzizuia ilikuwa simu moja.

Kosa la kitaalamu ambalo naliona mara nyingi zaidi ni hili la Jumanne usiku: kuidhania methadoni kuwa dawa ya maumivu. Methadoni huzuia arosto kwa siku nzima au zaidi, lakini nguvu yake dhidi ya maumivu hudumu saa 6 hadi 8 tu, na kwa anayeinywa kila siku mwili umeshaizoea hata hizo saa chache hazina uzito. Dozi ya asubuhi ni kodi ya nyumba: ukiilipa una paa, ila sufuria bado tupu. Tena, watu waliokaa muda mrefu kwenye dawa za jamii ya afyuni huwa na neva zinazohisi maumivu kwa ukali zaidi. Kwa hiyo mgonjwa huyu alihitaji mofini zaidi ya jirani yake wa kitanda, na aliumia zaidi kwa mfupa ule ule. Anayeona 24 akasema "huyu amezoea" yuko sahihi nusu. Nusu nyingine ni kwamba anaumwa kweli.

Dozi ingeweza kugawanywa mara tatu kwa siku ili methadoni yenyewe isaidie kwenye maumivu. Tulilitaka hilo. Hatukuweza, kwa sababu chupa ililetwa mara moja kwa siku na famasia haikukubali kuhifadhi mabaki. Bado hatujalitatua.

Ganzi ya neva ilifaa kuliko chochote, na ndiyo tuliyoitumia kwa ubahili. Tungeweka mrija mdogo wa kupitishia ganzi kwa siku mbili tatu, Jumanne usiku isingekuwapo. Mrija haukuwapo stoo. Basi tungepanga mapema kuirudia Jumanne alasiri badala ya kungoja mtu apige simu maskani. Na dawa tatu zisikatwe siku moja. Ketamini, ganzi na mofini ziliondoka ndani ya saa 12, kila moja kwa sababu yake, bila mtu mmoja wa kuzitazama zote.

Kuna hatari moja tuliyoikwepa kwa bahati. Usiku wa Alhamisi kama kabati lingekuwa na pentazosini au nalbufini, dawa nyingine za maumivu, badala ya pethidini, na kama methadoni ingekuwa bado imejaa mwilini, sindano hiyo ingemtumbukiza kwenye arosto kali ndani ya dakika chache, maana dawa hizo huing'oa methadoni mahali pake. Pethidini nayo si ya kurudiarudia. Mabaki yake hujikusanya na kuleta degedege, na tramadoli huongezea hatari hiyo hiyo. Tulizichanganya zote mbili.

Halafu rifampisini. Nguvu yake juu ya ini haiishi siku inapoachwa. Hupungua kwa wiki mbili hivi. Wodi ilikuwa imemkosesha dawa za kifua kikuu pia kwa siku hizo mbili, jambo ambalo ni kosa kwa upande wa kifua kikuu, ingawa halikubadilisha hesabu ya methadoni. Hatari ilikuwa mbele: matibabu ya miezi sita yakiisha, ini linarudi mwendo wake, na miligramu 120 zilizokuwa saizi yake zinakuwa nyingi. Kliniki ilikuwa na tarehe hiyo kalendani, ikaanza kumpunguza taratibu.

Msumari unaweza kuhitaji kutolewa siku za usoni. Karatasi ya mpango, pamoja na kiasi cha mofini kilichomfaa na dawa za kuepukwa, imewekwa kwenye faili yake ya kliniki, na picha yake iko kwenye simu ya mama. Kadi bado inakaa nyuma ya kava la simu ya mwanawe.